Laptop ya Baba na Kadi Inayojifanya Hadi Diski

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na kuna mtu (anajijua) amesambaza kwamba nimedisko. Sijadisko jamani. Nipo chumba kilekile, kitanda kilekile cha juu. Nilikuwa nahangaika na laptop ya baba, na leo nataka niwasimulie yote kuanzia mwanzo, maana imegeuka kuwa kazi ya darasani pia. Itakuwa ndefu kidogo, kwa hiyo kama una diskasheni saa kumi, nenda kwanza halafu urudi.

Ilikuwa hivi. Kwenye somo la historia mhadhiri alitupa kazi: chagua kitu kimoja kilichoko nyumbani kwenu, andika historia ya hicho kitu chenyewe. Kilitengenezwa kutatua tatizo gani, kimebadilika vipi, na kimewezaje kubaki mpaka leo. Darasa zima likakimbilia kinu, baiskeli na redio ya mbao. Mimi nikasema nitaandika kuhusu laptop ya kijivu ya mzee wangu. Mhadhiri akaguna, akauliza, "Hiyo ni historia au ni takataka?" Watu wakacheka. Nikanyamaza, lakini iliniuma, maana wiki moja kabla ya siku hiyo ile takataka ilikuwa imezima, na mama aliniambia kwenye simu kwamba mzee hakula chakula cha usiku.

Baba ni mwalimu mstaafu. Alifundisha historia sekondari. Mwaka 1998 mradi mmoja wa elimu kule kwetu ulifungwa, wageni wakaondoka, na yeye akaachiwa laptop ya mwaka 1996 yenye Windows 95 na hadi diski ya megabaiti 810. Kwa miaka mitatu iliyofuata, kila likizo alipanda milimani na daftari kuwahoji wazee wa kijijini: nani alifungua shamba lipi, njaa ipi ilikuja mwaka gani, nani alikwenda kukata mkonge Tanga na alirudi na nini. Usiku anachapa kwenye WordPerfect. Mafaili 34. La 12 na la 13 ni bibi yangu, mama yake mzazi, aliyefariki mwaka 2002 kabla mimi sijazaliwa. Sauti yake sijawahi kuisikia, picha yake tunayo moja tu, na kaangalia pembeni.

Mtauliza kwa nini hakuprinti. Nilimuuliza na mimi. Printa ya shule haikuwa na wino, halafu ikawa kesho, halafu ikawa kesho. Si mnajua. Kaka yangu alimnunulia laptop mpya mwaka 2019, iko kabatini ndani ya boksi lake. Mzee anasema vidole vyake vinaijua kibodi ya ile ya zamani. Basi mwezi wa nne mwaka huu ile ya zamani ikaanza kulia kli, kli, kli, kisha skrini ikasema haioni diski ya kuwashia. Baba akaifunga, akasema, "Imekufa na wazee wake."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilikuwa natafuta njia ya kuikoa, nikajikuta nimezama kwenye historia ya tatizo lenyewe, yaani kompyuta za kubeba zimekuwa zikiweka wapi kazi ya mtu tangu zianze. (Wale wa Kiswahili msinianze na tarakilishi na ngamizi. Mimi nasema kompyuta, tutagombana siku nyingine.)

Nianze na Osborne 1, iliyotoka Aprili 1981 kule San Francisco. Bei dola 1,795, uzito karibu kilo 11. Hiyo ndiyo waliyoiita ya kubeba! Ni kama kubeba nusu kiroba cha unga. Haikuwa na hadi diski. Ilikuwa na midomo miwili ya disketi za inchi 5.25, kila disketi inabeba kama kilobaiti 90, na chini ya kila mdomo kulikuwa na kimfuko cha kuwekea disketi zako. Kazi yako unaitoa na kuiweka mfukoni. Mimi naona hilo lilikuwa wazo zuri kuliko yaliyofuata, maana mashine ikifa, disketi unayo mkononi.

Mwaka uliofuata, 1982, ikatoka GRiD Compass. Jamani hii ni nzuri kwa macho: mwili wa magnesiamu, skrini inafunika kibodi kama laptop zetu za leo, na NASA waliirusha nayo angani kwenye vyombo vyao vya Shuttle. Bei ilianzia dola 8,150. Kuhifadhi ilitumia kitu kinaitwa kumbukumbu ya viputo, ambapo data zinakaa kama vijisehemu vidogo vya sumaku ndani ya chip, bila kitu chochote kinachozunguka. Haiogopi kutikiswa. Lakini teknolojia ya viputo ilikufa katika miaka ya 80, haikushindana na hadi diski. Leo mwenye GRiD iliyoharibika hiyo kumbukumbu yuko kwenye shida kubwa, kwa sababu karibu hakuna kingine duniani kinachoongea lugha yake. Wekeni hilo akilini, nitalirudia.

Sasa nije kwa kipenzi changu. TRS-80 Model 100, mwaka 1983. Ilitengenezwa na Kyocera wa Japani, ikauzwa Marekani na maduka ya Radio Shack. Ni kama daftari nene: uzito kilo moja na nusu haifiki, skrini ya mistari 8 yenye herufi 40 kila mmoja, betri nne ndogo kama za tochi, na inakaa karibu saa 20. Saa ishirini wadau! Mimi ya kwangu ikifika saa mbili natafuta soketi. Waandishi wa habari waliipenda sana kwa sababu ndani yake kulikuwa na modemu: unaandika habari uwanjani, unaunganisha kwenye simu, unaituma ofisini.

Hii Model 100 haikuwa na diski kabisa. Mafaili yalikaa kwenye RAM ileile inayotumika kufanya kazi, ikilindwa na kibetri kidogo cha kuchaji ndani. Unazima, unawasha kesho, kila kitu kipo. Ya bei ya chini, dola 1,099, ilikuwa na kilobaiti 8. Nimepiga hesabu: hii posti unayoisoma ina herufi zaidi ya elfu 15, kwa hiyo isingeenea. Kwenye ile ya kilobaiti 24 ingeenea, na nafasi ingebaki ya barua ya kumwomba kaka hela. Kibetri kikiisha, kazi yako imeyeyuka. Kwa hiyo watu walihitaji pa kumimina mafaili. Njia ya kwanza ilikuwa kaseti, kanda za kawaida kama zile za taarabu za mama. Unabonyeza kurekodi, kompyuta inapiga kelele kwenye kanda, siku nyingine unairudisha inasikiliza kelele zake yenyewe. Ilikuwa polepole, na kanda ikikunjika imekula kwako.

Mwaka 1984 wakaleta kidude cha disketi cha nje, Tandy Portable Disk Drive. Disketi za inchi 3.5, kilobaiti 100 kila moja, mafaili yasiyozidi 40. Hapa nilisimama kusoma nikakaa kitandani. Kwanza, kidude hicho kilitengenezwa na Brother, wale wa cherehani, na kidude hichohicho kwa jina la FB-100 kiliuzwa kwa ajili ya mashine za kufuma masweta, kuhifadhia michoro ya ufumaji! Pili, namna kilivyoongea na kompyuta. Hakikuunganishwa kwa waya maalum wa diski. Kiliingia kwenye tundu la RS-232, lile la kawaida la mawasiliano, na ndani yake kulikuwa na prosesa yake kinachojitegemea. Kompyuta haikujua lolote kuhusu sumaku wala mzunguko. Ilikuwa inatuma ombi tu kwenye waya: nipe orodha ya mafaili. Fungua hili. Soma. Andika. Futa. Kidude kinajibu.

Mmeona kinachokuja? Kama kompyuta inauliza maswali tu kwenye waya na kusikiliza majibu, haina macho ya kuona nani anajibu. Unaweza kuondoa kile kidude, ukaweka kitu kingine chochote upande wa pili, mradi kinajibu maswali yaleyale kwa lugha ileile. Watu waliligundua hilo mapema. Kampuni ya Traveling Software iliuza programu ya DeskLink iliyoifanya kompyuta ya mezani ijifanye ni kile kidude cha disketi. Wazo hilohilo liko hai mpaka sasa. Mikanda ya mpira ya vile vidude vya zamani imeoza na kugeuka uji mweusi, lakini Model 100 haina habari. Leo inahifadhi kwenye NADSBox, kijisanduku chenye kadi ya SD ndani, au kwenye kidude cha Arduino chenye programu ya PDDuino, au kwenye laptop ya Linux. Wale wa masweta nao wameunganisha kompyuta za leo na mashine zao za kufuma kwa ujanja huohuo. Kompyuta ya mwaka 1983 inauliza, "Disketi yako ina mafaili gani?" na kadi ndogo kuliko ukucha inajibu kwa heshima zote, kana kwamba ni disketi ya kilobaiti 100. Uongo mtupu, lakini uongo mtamu.

Njia nyingine ya Model 100 ni REX, kibodi kidogo cha umeme chenye kumbukumbu ya flashi. Kinachomekwa kwenye tundu la chini la mashine, lile lililokusudiwa chip ya programu za ziada, na kinaweza kutunza nakala ya RAM nzima ili siku kibetri kikifa uirudishe yote. Hapa tundu lenyewe limetumika kwa kazi ambayo waliolitengeneza hawakuiwaza.

Nikaanza kuona kwamba habari nzima iko hapo. Kinachoamua kama kompyuta ya zamani itapata hifadhi mpya ni tundu lake, na kama lugha ya tundu hilo inajulikana. Umaarufu wa mashine au bei yake haisaidii. GRiD ya dola elfu nane inateseka, Model 100 ya betri za tochi inadunda.

Sasa turudi kwa mzee. Nikamfuata jirani yangu wa chumba cha tatu anayesoma uhandisi, tunamwita Injinia, nikamuuliza, "Hivi hadi diski ya laptop ya 1996 ina tundu gani?" Akacheka, akasema, "Dada, hapo una bahati."

Bahati yenyewe ni hii. Mwaka 1986 kampuni za Compaq, Western Digital na Control Data zilikubaliana namna ya kuhamisha akili ya kuendesha diski kutoka kwenye kompyuta na kuiweka kwenye diski yenyewe. Ndiyo inaitwa IDE. Kabla ya hapo kompyuta ililazimika kujua tabia za ndani za diski. Baada ya hapo inaomba tu kipande namba fulani, diski inajitafutia yenyewe. Mwaka 1988 PrairieTek wakaleta hadi diski ya kwanza ya inchi 2.5, megabaiti 20, na ukubwa huo ukawa ndio wa laptop. Katika miaka ya 90 laptop nyingi zilikuwa na plagi ileile ya pini 44: arobaini za kawaida na nne za ziada zinazopeleka umeme.

Upande mwingine, Japani, mhandisi Fujio Masuoka wa Toshiba alikuwa ameonyesha kumbukumbu ya flashi mwaka 1984. Mwaka 1994 SanDisk wakatoa kadi ya CompactFlash, ambayo mnaweza kuwa mmeiona kwenye kamera kubwa za wapiga picha za harusi. Na hawa jamaa wa SanDisk wakafanya jambo la busara sana: kadi yao wakaifundisha IDE. Ukiiwasha kwa namna fulani, yenyewe inajitambulisha kuwa ni hadi diski. Kwa hiyo adapta ya kuiunganisha na plagi ya pini 44 haina akili yoyote ndani, karibu ni waya tupu zinazopanga pini zikutane. Kadi ya SD, iliyotangazwa mwaka 1999, haijui IDE, kwa hiyo adapta yake lazima iwe na chip ya mkalimani. Zinafanya kazi, ila nilipoambiwa nichague kati ya mkalimani na mtu anayeijua lugha tangu utotoni, nikachagua wa pili.

Nigusie kidogo wenye mashine nyingine. PowerBook za kwanza za Apple, za mwaka 1991, zilitumia SCSI badala ya IDE, na hadi diski za SCSI za inchi 2.5 ni adimu na zimechoka. Hao wametengenezewa vidude kama SCSI2SD na BlueSCSI, vinavyojifanya diski ya SCSI huku data ziko kwenye kadi ya SD. Na wale wa disketi wana Gotek, kisanduku kinachoingia mahali pa mdomo wa disketi na kuchukua flashi ya USB. Sony waliacha kuuza disketi Japani mwaka 2011, kwa hiyo Gotek imeokoa mashine nyingi, zikiwemo za kudarizi na vinanda. Ila kwa laptop Gotek ni kubwa mno, na waya wa disketi wa laptop mara nyingi ni ule mwembamba wa pini 26, kwa hiyo unahitaji adapta na unabaki na kisanduku kinaning'inia nje. Sikuipenda.

Mjue pia kwamba kwa upande wetu mashine hizi zilichelewa kufika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata baadaye milango ilifunguka taratibu. Ndiyo maana laptop za wenzetu za miaka ya 80 hamzikuti kwenye kabati za babu zetu. Nyingi za kwetu zilikuja na miradi, kwa mkono wa pili, na zikatumika mpaka herufi za kibodi zikafutika. Ya baba herufi A haionekani kabisa.

Haya, kazi. Kosa ambalo ningelifanya peke yangu ni kukimbilia kununua kadi. Injinia alinikataza. Alisema hadi diski inayolia kli kli ni mgonjwa anayehesabu pumzi, kila unapoiwasha unatumia mojawapo, kwa hiyo kwanza toa nakala yake yote, biti kwa biti, halafu ndiyo uongee mambo ya kadi. Wikiendi nikapanda basi nyumbani, nikaifungua laptop mezani sebuleni, baba kakaa pembeni ananiangalia kama vile nampasua ng'ombe wake. Kwenye ubao wa ndani nikakuta kibetri cha saa kimeanza kuvuja majimaji ya kijani. Nikakitoa hapohapo. Ugonjwa huo unakula waya za laptop nyingi za umri ule, na kama nawe una mzee wa namna hii kabatini, kifungue leo ukiangalie.

Nikarudi chuoni na diski nimeifunga kwenye soksi ndani ya kopo la maziwa. Injinia akaiunganisha kwa adapta ya USB kwenye Linux, tukaiachia programu ya bure inaitwa ddrescue. Uzuri wake inapita kwanza sehemu nzima, mbovu inaziruka, halafu inarudi kwenye mbovu polepole kujaribu tena. Usiku wa kwanza ikasoma sehemu kubwa. Saa nane umeme ukakatika. Sikulala! Ulivyorudi, programu ikaendelea ilipoishia kwa sababu inaandika daftari lake la kumbukumbu. Siku ya pili mchana diski ikatoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza, na haijaamka tena mpaka leo.

Tukafungua tulichopata. WordPerfect ni programu ya kale, lakini LibreOffice inaijua lugha yake na inafungua mafaili yake bila kinyongo. Mafaili 31 mazima kabisa. Mawili vipande. Moja halikusomeka hata herufi. La 12, bibi, zima. La 13 ndilo mojawapo ya vipande: bibi anaeleza siku alipovuka mto na mtoto mgongoni wakati wa mafuriko, maji yamemfika kifuani, na sentensi inakatika katikati ya neno. Baada ya hapo ni alama zisizosomeka kurasa mbili. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Injinia akajifanya anatafuta chaja.

Nakala nimeziweka mahali pengi kuliko akili inavyotaka: kwenye laptop yangu, flashi mbili, hifadhi ya mtandaoni, na kwenye simu ya kaka. Na safari hii nimeprinti. Kurasa 211, hela ya boom imekwenda.

Kadi nilimnunua nayo mpiga picha mmoja wa mjini aliyehamia kamera mpya, CompactFlash ya gigabaiti 4. Adapta ya pini 44 iliagizwa, ndiyo iliyonipoteza hizo wiki tatu. Hapa kuna mitego nataka muijue. Kompyuta za zamani zina mipaka ya kuhesabu. Nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 90 haziwezi kuhesabu zaidi ya silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, kila sekta baiti 512. Zidisha upate 528,482,304, yaani megabaiti 528 hivi. Ukiiwekea kadi kubwa, inaona hizo tu au inachanganyikiwa. Ya baba ilikuwa na diski ya megabaiti 810, kwa hiyo nilijua mpaka huo imeshauvuka. Mpaka wa pili ni wa mfumo wa mafaili: Windows 95 ya kwanza inatumia FAT16, ambayo haizidi gigabaiti 2 kwa fungu moja. Nikatenga fungu moja la gigabaiti 2, nusu ya pili nikaiacha ilale.

Mara ya kwanza tuliimwaga ile nakala nzima moja kwa moja kwenye kadi. Tukawasha: kistari kinapepesa, basi. Injinia akaelewa haraka kuliko mimi. Diski ya zamani ilikuwa inajieleza kwa idadi fulani ya vichwa na silinda, kadi inajieleza kwa nyingine, na maelekezo ya kuwashia yaliyoandikwa mwanzoni mwa nakala yalikuwa yanataja anwani za nyumba ya zamani. Ikabidi tuigawe na kuiandaa kadi ndani ya laptop yenyewe, kwa disketi ya kuwashia tuliyoikuta kwenye sanduku la baba, ambayo kwa maajabu ilisoma. Baada ya hapo tukaitoa kadi, tukanakili mafaili ya Windows juu yake, tukairudisha. Ikawaka. Kimya kabisa! Haina kinachozunguka, haivumi, na inafika kwenye Windows kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Kadi si ya milele, msije mkaniambia sikuwaambia. Vyumba vya flashi vinachoka kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na Windows 95 inapenda kuandika andika diskini RAM ikiwa ndogo. Kwa mtu anayechapa kurasa mbili kwa siku sina hofu. Hata hivyo nikaongeza kitu pembeni: laptop ya baba ina tundu la PCMCIA, lile la kadi bapa za pini 68, na CompactFlash inaingia pale kwa adapta nyingine isiyo na akili. Windows 95 inaiona kama diski ya ziada. Mzee akimaliza kuandika ananakili pale, anaichomoa, kaka anaisoma kwenye kisomeo cha USB na kunitumia kwenye WhatsApp. Tumerudi kwa Osborne ya 1981, kazi yako iko mfukoni.

Nilimpelekea wiki iliyopita. Akaiwasha, akasikiliza, akasema, "Mbona hailii?" Akadhani imekufa tena. Nilipomfungulia la 12 akaniambia nilisome kwa sauti kwa sababu macho hayako sawa siku hizi. Nikasoma. Kwenye ukurasa wa tatu akanikatisha, akasema neno hilo nimelitamka kama mtu wa mjini, bibi yako alikuwa analivuta hivi. Akalitamka. Nikalirudia mara nne mpaka akaridhika.

La 13 tulisoma mpaka pale linapokatika. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza ile kadi inabeba mafaili mangapi kama yake. Nikapiga hesabu, nikamwambia kama elfu hamsini. Akasema yeye anahitaji moja tu. Nilipoondoka asubuhi kuwahi basi alikuwa ameshafungua faili la 35 na anachapa alichokumbuka cha ule mto, kwa vidole viwili, A anaipiga bila kuitazama.